Siku Niliyompeleka Mama Kutazama Picha

Mdogo wangu, wa mwisho baada ya kaka mkubwa na mimi, alifariki Moshi siku ya Jumatano, akaacha mke na mapacha wa chekechea. Mama yetu wakati huo alikuwa kwangu Brooklyn Park, Marekani, amekuja kututembelea, anakunja nguo sebuleni. Baba mdogo alinipigia simu nikiwa ndiyo kwanza naegesha gari kazini Bloomington. Alinipa pole, kisha akanipa amri. Mama asijue lolote mpaka saa kumi na mbili jioni, wazee wa kanisa wakiwa wameshafika nyumbani kwangu na akina mama wamekaa karibu naye tayari kumshika. "Mtoe nje," alisema. "Mpeleke popote."

Nilikasirika. Mimi ni nesi wa wazee, na kazini kwetu familia huambiwa kwa simu, dakika mbili, pamoja na saa ya kuja kuchukua vitu vya marehemu. Lakini kwetu mzazi haambiwi kifo cha mwanawe kama anavyoambiwa bei ya nyanya, na mimi nilikuwa nani nibishane na ukoo mzima? Nikaomba ruhusa, nikageuza gari. Simu ya mama niliichukua kwa uongo kwamba naipeleka ikabadilishwe kioo, maana kwenye makundi ya ukoo rambirambi zilikuwa zimeshaanza kumiminika.

Sasa popote ni wapi, mwezi wa Novemba, theluji ya majimaji inaanguka? Madukani tungekutana na Watanzania, na Mtanzania hawezi kumwona mfiwa akapita bila kumpa pole. Ndipo nikakumbuka jumba la makumbusho ya sanaa kule Minneapolis. Halina kiingilio, na katika miaka yangu kumi na moja hapa sijasikia mtu wetu yeyote akisema amekwenda. Mimi mwenyewe sikuwahi.

Tulipanda hadi kwenye vyumba vya picha za Wataliano wa kale, za miaka mia tano na zaidi. Mama ni Mlutheri wa kusoma Biblia asubuhi na jioni, kwa hiyo hakuhitaji maelezo ya ukutani. Alimtambua malaika, akamtambua Yohana Mbatizaji na vazi lake la ngozi. Mbele ya Mariamu mmoja aliyempakata mtoto mwenye mapaja manene alisimama, akasema huyu ameanzishiwa uji mapema mno. Nilicheka, halafu nikajichukia kwa kucheka.

Kisha tukafika kwenye picha kubwa ya Yesu akishushwa msalabani. Mama hakumtazama Yesu. Alimtazama Mariamu, aliyekuwa amelegea pale chini, mwanamke mmoja amempitishia mikono makwapani kutoka nyuma, mwingine ameshika kiganja chake. Mama akakaa kwenye benchi, akaangalia kwa muda mrefu.

"Hawa wamezoea misiba," alisema. "Ona walivyomkamata. Hawezi kuanguka akaumia."

Nikaitikia. Akaniuliza leo ni siku gani, nikamwambia Jumatano. Macho yake bado yalikuwa kwa wale wanawake.

"Tangu nimekuja hujakosa kazi hata siku moja, hata nilipougua tumbo," alisema. "Leo umenitoa nyumbani na simu umenichukulia. Ni nani?"

Jibu nilikuwa nimefundishwa na baba mdogo. Nikasema nyumbani kuna mtu anaumwa sana. Nilipolisema tu nikajua nimekosea, kwa sababu mama mwenyewe ndiye hutumwa na kanisa kuwaambia wenzake maneno hayo hayo, na anajua huyo mgonjwa huwa ameshafikia wapi.

"Niambie tu kama ni wa tumbo langu."

Sikuweza kusema ndiyo, wala sikuweza kusema siyo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa risiti. Nilidhani atapiga yowe, nikaanza kumtafuta mlinzi kwa macho, lakini alisimama, akasema bado kuna vyumba hatujaviona. Tukavipitia vyote. Alitembea mbele yangu polepole, akisimama mbele ya kila picha, na sidhani kama aliona hata moja. Mimi nilimfuata nyuma na uoga wangu, mpaka tulipoambiwa wanafunga.

Kwenye gari niliwasha joto, lakini sikuondoka. Kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa na theluji, hatuoni nje.

"Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo," nikasema.

Mama akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alipoiondoa, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mle ndani nilikuwa namwomba Mungu awe mkubwa. Watoto wake wameshakua," alisema. "Kila picha nilikuwa naomba hivyo. Usije ukamwambia kaka yako."

Tulifika nyumbani viatu vimejaa mlangoni. Mama aliwaacha wazee waseme waliyokuja kusema, hakuwakatiza, na walipomaliza akaanguka, akina mama wakamdaka. Walinisifu kwamba nimeificha habari vizuri. Kaka mkubwa alipiga kwenye simu yangu usiku ule kumfariji mama, akamwambia amshukuru Mungu kwamba yeye, mwanawe mkubwa, bado yupo. Mama akanirudishia simu niongee mimi.