Masizi Kwenye Wali wa Arobaini ya Baba Mkwe

Habari hii sijawahi kuisema mbele za watu kwa aibu, lakini waliokuwepo wote wametangulia, nimebaki mimi, basi nichekeni mkitaka.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, pale Mnyuzi. Mimi na mume wangu Athumani tulipewa nyumba aliyokaa mzungu msimamizi wa mkonge kabla shamba halijawa la serikali. Jiko lake la chuma lilishachukuliwa, limebaki bomba la moshi tu, limening'inia toka darini katikati ya chumba kikubwa, halina kazi.

Siku ya arobaini ya baba mkwe, iliyosomwa kwetu, wanaume walikwenda kaburini, huku nyuma mvua ikatukuta na masufuria ya wali uani (mchele wenyewe wa kuchangiwa nyumba kwa nyumba, maana mwaka ule ulikuwa haupatikani), tukayaingiza chumba kile kile, tukayafunua mvuke utoke. Nikalitazama lile bomba, nikaona litawabana wasomaji wa hitima wakija kukaa. Wifi yangu Zaina akasema, "Wifi, liache, Athumani atapanda juu ya bati alifungue." Nikamjibu, "Nawe kwa uoga! Bomba tupu hili, lina nini?" Nikapanda kwenye kigoda, nikalikumbatia, nikavuta.

Yalishuka masizi ya miaka yote ya yule mzungu, na viota, na popo waliokauka, yote ndani ya wali, nami chali sakafuni na bomba langu kifuani.

Ndipo wanaume wakarudi, Mwalimu Rajabu wa madrasa mbele na kanzu yake nyeupe. "Kuna moto?"

"Hakuna, mwalimu," nikasema, meno tu ndiyo yanaonekana. Mmoja akaanza kucheka, akaona uso wa mama mkwe, akajitia kukohoa.

Mama mkwe, Bi Mwanahawa, aliinama akachota wali mweusi kiganjani. Kwetu chakula cha arobaini ndiyo sahani ya mwisho marehemu anayopelekewa na watu wake. Akaniuliza taratibu, "Mkamwana, sasa mume wangu aende na nini?"

Watu walisoma dua, wakala muhogo wa kuchemsha, Mwalimu Rajabu akasema sadaka ni nia.  Jioni ile ile mama akarudi kwake Kwamndolwa, na mvua inanyesha.

Nilimfuata kumwomba radhi, akaniambia yamekwisha, akanipa na maji ya kunywa, lakini miaka yote aliyoishi baada ya hapo hata chai hakuinywa kwangu. Tangu hapo, penye chakula cha marehemu sigusi kitu kilicho juu ya kichwa changu, hata utando wa buibui. Wajukuu husema bibi mchafu, nami nawaacha waseme.