Siku Nilipowapokea Wakwe na Pembe za Nyamera Mgongoni

Watu wa Hai Malakal wakiniona hadi leo huangalia kwanza mgongo wangu, ndipo wananisalimia, na siwalaumu, kwa sababu aibu niliyoipata mtaani pale niliitafuta mwenyewe.

Ilikuwa siku ya wakwe kuja kuongea mambo ya ndoa yangu. Msemaji wetu alikuwa Mjomba Lado, kaka ya mama, na akanituma kwake Rejaf nimletee fuvu la nyamera alilolitunza tangu ujana wake wa kuwinda, maana baba mkwe alikuwa amesikia habari zake akataka kuliona. (Mimi nimelelewa Kitale, mnyama mkubwa niliyemjua ni ng'ombe wa jirani.) Pembe moja ilisimama vizuri, ya pili ilitoka kando na kujikunja kama ndoano. Mwenye boda akaitazama, akasema, "Dada, hii iko mbaya, tia kwa gunia." Nikakataa. Nilitaka watu waone! Nikalifunga fuvu mgongoni kwa lawa, kile kitambaa changu cha kujifunga begani, kama mtoto, tukaondoka.

Tulipoingia kichochoro cha nyuma ya nyumba tukaenda polepole kwa sababu ya madimbwi, nikahisi kitu kinanivuta kidogo kisha kinaachia, nikadhani ni upepo, na watu wakaanza kupiga kelele na kunipungia mikono, basi na mimi (Mungu anisamehe) nikawapungia kama malkia, meno yote nje, mpaka mlangoni kwetu.

Wakwe walikuwa wameshaketi chini ya hema. Nikashuka, nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na kamba nzima ya nguo za jirani yetu Mama Keji: mashuka, magauni ya kwaya na mambo mengine ambayo sitayataja, yote yameburutwa topeni, na Mama Keji mwenyewe anakuja mbio, mwiko mkononi, "Haramiya! Haramiya!" yaani mwizi.

Nilichanganyikiwa. Nikaona afadhali nisalimie kama nilivyofundishwa, nikapiga magoti mbele ya baba mkwe, nikainama, na ile ndoano ikamvua kofia.

Mama akafunika uso. Mchumba wangu akaangalia viatu vyake. Nikajua kalas, hakuna arusi.

Mjomba Lado akacheka mpaka akakohoa. Akanifungua lawa, akarudisha kofia ya watu, akaliweka fuvu magotini.

"Huyu aliumia akiwa mdogo," akamwambia baba mkwe, "pembe ikamea vibaya. Wenzangu wengine walisema ni nuksi, tumuue wa kwanza. Nikawaambia mwacheni. Nyamera wote wanafanana, lakini huyu tulimjua kwa mbali. Tukimwona tu, tunajua kundi letu limerudi. Sikumpiga risasi. Nilimkuta kwenye nyasi, uzee umemchukua."

Baba mkwe akasogeza kiti. "Na pembe hiyo, aliweza kupigana?"

"Alipigana vibaya. Lakini hakuna aliyemkaribia upande huo."

"Ndiyo," akasema baba mkwe, akinitazama mimi. "Nimeona."

Mama Keji hakutaka malesh zangu za kuomba radhi, alitaka nguo zake. Nikafua uani nikiwa na gauni langu jipya mwilini, povu mpaka viwikoni, nikiwasikia wazee wakisahau ng'ombe wa mahari na kuongea habari za mito na nyasi na wanyama ambao sisi tuliokulia ukimbizini hatukuwahi kuwaona. Sauti zao zilikuwa za vijana kabisa. Sikusikia walipokubaliana. Ni Mama Keji, ameshika ncha ya pili ya shuka tukilikamua, aliyeniambia, "Wamekubali. Sasa suuza vizuri."

Mjomba hayupo tena, na fuvu liko sebuleni kwangu. Nimeapa sitabeba tena mgongoni kitu ambacho siwezi kukiona, na mtu akinipungia barabarani nageuka nyuma kwanza. Lakini nikiambiwa siku ile inaweza kurudi, na tope lake lote, naichukua hivyo hivyo, ili mradi nimkute Mjomba ameketi pale chini ya hema.