Touchscreen ya kliniki ya Bwiza iliyoandikisha wazee kuwa wajawazito: nilivyoiwasha kwa Linux enzi za vita

Wakuu, salamu kwenu nyote kutoka Bujumbura.

Ninachoandika hapa sikuhadithiwa. Nilikuwepo, mikono yangu ndiyo iliyofanya kazi, na mashahidi bado wako hapa mtaani Bwiza. Nikifika mahali pa kuongeza chumvi nitawaambia kwamba hapa naongeza.

Kwa wasionijua: vita vilipoanza nilivuka kwenda Kigoma nikiwa na shati moja na bisibisi. Kigoma nikatengeneza redio za watu. Redio zikanifikisha Dar, na Dar nikatoka na diploma ya elektroniki na kompyuta. Hakuna mjomba aliyenilipia hata muhula mmoja.

Sisemi haya kwa kujisifu.

Sawa, kidogo kwa kujisifu.

Nikarudi nyumbani wakati wengi bado wanaondoka. Jioni mji wote tulikuwa ndani kwa sababu ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, kwa hiyo kila kazi ilibanwa mchana. Nilifungua chumba changu cha ufundi Bwiza, diploma nikaitundika ukutani juu ya meza, na kwa kusema ukweli, mafundi wa mji ule waliokuwa wanaijua Linux niliweza kuwahesabu bila kuondoka kwenye kioo cha kunyolea.

Sasa tuingie kwenye mada.

Mtaa wa pili kutoka kwangu palikuwa na kliniki ya mtu binafsi. Mwenyewe tulimwita Docteur tu. Alikaa Kiriri, mtaa wa wenye nazo kule mlimani, akishuka kila asubuhi na gari lake.

Mapokezi alikaa Mama Aline. Huyu mama nyumba yake iliungua kwenye crise, ndivyo tunavyoviita vile vita. Aliingia ndani kumtoa mtoto, akamtoa mzima, lakini mikono yake iliungua. Vidole vilipopona vilijikunja kuelekea kiganjani na havikufunguka tena.

Pamoja na hayo, alijua wagonjwa wa Bwiza kwa majina yao, kwa majina ya mama zao na kwa magonjwa yao. Kalamu aliibana kati ya ngumi mbili akajaza rejista miaka yote, na mwandiko wake ulisomeka kuliko wa Docteur.

Shida ilianza Docteur alipotaka kila kitu kiingie kwenye kompyuta. Kwenye keyboard, Mama Aline akibonyeza herufi moja zinaingia tatu. Jina la Yohana lilikuwa linajaza mstari mzima.

Docteur hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa aibu, akiangalia dirishani, kwamba kama hadi Ijumaa ya wiki inayofuata saa sita mchana hajaweza kufanya kazi na mashine, Jumatatu yake kiti kitakaliwa na binti mmoja aliyesomea ukatibu. Mama Aline alikuwa na mtoto shuleni, na kwa mikono ile hakuna aliyekuwa anamngojea na kazi nyingine.

Nilikuwa pale siku hiyo natengeneza printa. Nikasikia yote.

Kwenye stoo ya kliniki nilikuwa nimeona screen moja nzito, yenye fremu nyeusi nene kuzunguka kioo. Ilikuja na vitu vilivyotumika kutoka Ulaya. Nyuma ilikuwa na waya wa serial, ule wa pini tisa. Haina CD yake, haina karatasi ya maelekezo. Mafundi wawili kabla yangu walishasema imekufa.

Nikaiangalia ile fremu vizuri. Ilikuwa touchscreen ya infrared, kioo cha kuguswa.

Kwa wasiojua: ndani ya fremu kuna taa ndogo ndogo ambazo macho hayazioni. Zinatupa miale mbele ya kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kutoka juu hadi chini. Chochote kikikata miale, mashine inajua kimekatia wapi. Haijali kama ni kidole. Kalamu, kijiko, ngumi, kwake ni sawa.

Nadhani mmeshaelewa nilichokiwaza.

Nikamwomba Docteur screen ile. Akasema chukua, iko ya kutupa.

Jumatatu ya wiki hiyo nilijifungia nayo kwangu. Windows iliomba driver, programu ya kuiendesha, na driver sikuwa nayo, wala kwenye cyber ya mjini sikuipata. Linux haina ombaomba namna hiyo. Kwenye Linux ile port ya serial ni kama faili tu, unaifungua na kusoma kinachoingia.

Nikasoma. Kimya.

Nikabadilisha port. Kimya. Nikabadilisha speed mara tatu, na ya nne, nilipopitisha kidole mbele ya kioo, ukamwagika mstari wa takataka za herufi. Wakuu, sijawahi kufurahia takataka kama siku ile. Mashine iliyozikwa na mafundi wawili ilikuwa inaongea.

Ikabaki kujua inasema nini. Nikachukua daftari, nikawa nagusa kona moja naandika namba zinazotoka, nagusa kona nyingine naandika. Kufikia mchana nilijua kila namba ina maana gani. Nikaandika driver yangu mwenyewe kwa lugha ya C. Narudia, mwenyewe.

Mara ya kwanza ukigusa kulia, mshale unakimbilia kushoto. Nikageuza namba mbili kwenye config, ukatii.

Kisha nikatengeneza ukurasa wenye vitufe vikubwa kama sahani: Homa, Watoto, Maabara, Sindano. Kitufe cha Uzazi nikakiweka juu kabisa, kwa heshima ya akina mama. Kwa majina nikaweka herufi kubwa za kugusa palepale kwenye kioo.

Jumanne nikaipeleka. Mama Aline aliiangalia kama mtu anayeangalia mbwa wa jirani. Nikamwambia aguse. Akasogeza kifundo cha kidole, taratibu. Kitufe cha Homa kikawaka.

Akarudisha mkono. Akaniuliza, "We fundi, hii kitu haioni mikono yangu iko namna gani?"

Nikamwambia haioni.

"Basi tutapatana," akasema.

Akaandikisha wagonjwa watano wa majaribio. Nilirudi kwangu natembea katikati ya barabara kama nimeijenga mimi.

Jumatano asubuhi nikaitwa mbio.

Mashine ilikuwa imeanza kujibonyeza. Mtu anakuja na homa, kabla Mama Aline hajagusa, kitufe cha Uzazi kinawaka chenyewe. Mzee mmoja seremala, mwenye mgongo mbovu, alikuwa amepewa karatasi ya kwenda kupimwa ujauzito. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba na ile karatasi.

"Mi mutu muzima na wajukuu," alikuwa anasema. "Munaniandika mimba ya nani?"

Benchi zima lilikuwa limelala kwa kicheko. Mama Aline peke yake hakucheka.

Nikavuta screen, nikakagua waya, nikagusa huku na kule. Inafanya kazi safi. Nikasema ni umeme. Nikaondoka.

Baada ya saa moja, Uzazi tena.

Nikairudisha kwangu, nikaipima mpaka saa tisa alasiri. Safi. Alhamisi nikaipeleka, ikawa safi mbele ya macho yangu, nikageuka tu, ikamwandikisha mimba mlinzi wa kliniki. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha kernel, moyo wenyewe wa Linux. Nikasoma driver yangu mstari kwa mstari nikitafuta kosa, na mtu mwenye diploma kutafuta kosa lake mwenyewe ni kazi chungu, nawaambia. Kwenye benchi wengine walishaanza kusema mashine imekuja na jini la Ulaya.

Mama Aline hakunilaumu. Aliniomba tu, kama itashindikana, nimwambie yeye kwanza kabla ya Docteur, ili asiambiwe mbele ya watu. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa nikafika kliniki kabla ya wagonjwa wengi. Sasa hapa lazima niwajulishe Mama Shabani. Alikuwa ndiye anayefanya usafi, mama wa Kiislamu, wa Bwiza tangu babu zake, rafiki mkubwa wa Mama Aline. Alikuwa ametoka kupiga deki na sakafu bado inang'aa maji.

"Fundi, apana kukanyaga," akasema. "Kaa hapo kwa benchi na wagonjwa wenzako. Na diploma yako ikae pia."

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilikuwa naiangalia mashine kutoka mbali, bila kuishika.

Mama Shabani akamaliza deki, akafuta vumbi mezani. Kisha akachukua kitambaa cheupe cha kufuma kwa kroshia, chenye matamvua marefu pembeni, akaivika ile screen kwa juu. Akakinyoosha, akarudi nyuma, akakiangalia kama bibi harusi wake. Alikuwa amekifuma mwenyewe Jumanne, kumtakia rafiki yake heri na mashine mpya.

Wakuu, kile kitambaa nilikuwa nimekitoa mimi mwenyewe kila nilipoitwa. Nakitoa, nakikunja vizuri, nakiweka pembeni, halafu naanza kutafuta tatizo. Na nikiondoka, Mama Shabani anakirudisha. Sikukiona kabisa. Nani kati yetu amekua kwenye nyumba ambayo redio au televisheni inakaa bila kitambaa? Kwetu kitambaa ni sehemu ya mashine.

Wagonjwa wakaanza kuingia. Mama Aline akawasha feni.

Feni ilipogeukia mezani, matamvua yakapepea yakaingia ndani ya fremu. Uzazi ikawaka. Feni ikageukia mlangoni, matamvua yakatulia. Feni ikarudi. Uzazi.

Nilivuka maji ya deki bila ruhusa ya mtu.

Mama Shabani alipoona nakishika alikuja juu, akasema kitu ya heshima haikai uchi. Nikamweleza. Nikamwonyesha kwa tamvua moja tu, nikilishusha kwa vidole mbele ya kioo: linashuka, Uzazi inawaka, linapanda, inazima. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akashika shavu.

"Kumbe ni mi nilikuwa namutoa rafiki yangu kwa kiti," akasema.

Mama Aline alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kujizuia, akawa anafuta machozi kwa kiwiko. Alicheka kicheko cha siku tatu. Mwishowe Mama Shabani naye akacheka, akakihamishia kitambaa kwenye printa.

Saa sita kasoro Docteur akatoka ofisini na yule binti wa ukatibu, amevaa vizuri, faili mkononi. Chumba kilikuwa kimejaa, maana Ijumaa watu wa sokoni huja kabla ya sala. Docteur akasimama mbele ya meza, akakunja mikono, akasema anataka kuona.

Mama Aline akaanza. Hakuwa anauliza majina. Alikuwa anamwangalia mtu, anagusa kwa kifundo, tak tak tak, jina, jina la mama, Maabara, karatasi inatoka kwenye printa, anayefuata. Watoto. Sindano. Homa. Yule binti alikuwa bado anatafuta pa kuweka faili lake, wanne walishapita.

Docteur aliganda pale mbele ya meza, mdomo wazi kidogo. Nyuma yake mama mmoja amebeba mtoto anayetetemeka alikuwa anajaribu kupita, hana pa kupita.

Mama Aline akainua macho. Kwa heshima zote, sauti ya chini, akasema:

"Docteur, kama hauko mugonjwa, achia nafasi mutu mwenye homa."

Benchi zima likamwangalia Docteur.

Docteur akasogea. Akasimama ukutani, pamoja na wengine, kama mgonjwa anayesubiri zamu yake. Kisha akamgeukia yule binti, akamwambia taratibu kwamba huenda maabara wanahitaji mtu.

Mimi nilichojifunza nawaachia bure, ingawa chuoni nilikilipia na sikufundishwa: kabla hujalaumu kernel, kaa kwenye benchi la wateja nusu saa, mikono mfukoni, uangalie watu wanavyoishi na mashine yako.

Driver yangu iliendelea kufanya kazi pale miaka mingi, na anayebisha aje Bwiza nimpeleke kwa mashahidi.

Haya, mafundi wenzangu na wasio mafundi: ni kitu gani kilichokaa mbele ya macho yako wiki nzima ukakikunja na kukiweka pembeni? Uwanja ni wenu, na wabishi wa Windows mnakaribishwa pia.