Aliyenunua Mishale ya Uzi Mwekundu Asipige

Saa mbili asubuhi, mke wa mchagua mishale anaingia karakana, mkono mmoja umeshika sufuria tupu na mwingine ufito. Alikuwa anakoka moto wa chai. Anausogeza ule ufito sikioni, anaugonga kwa ukucha. Ti.

"Mzee wangu, huu mbona mzima?" anauliza. "Umeutupa kwenye kuni kwa nini?"

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Sikio, anaupokea. Anaugonga. Anaukunja kidogo huku, anaugeuza, anaukunja kule. Halafu anakaa chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Ngoja kwanza tuelezane, maana bila hivyo hutaelewa mtu mzima anatetemekea nini kijiti.

Kazi yake ni kuchagua fito na kuziunda ziwe mishale ya wawindaji wa upinde. Ufito ni ule mti wenyewe, kabla haujatiwa ncha ya chuma mbele na manyoya nyuma. Watu wanadhani kazi iko kwenye kunyoosha. Kunyoosha si kitu, unauviringisha juu ya kioo cha dirisha, ukirukaruka unaupasha moto, unaunyoosha, basi. Kazi iko kwenye ufa. Kuna ufa mwembamba kuliko unywele, jicho haliuoni kabisa. Ndiyo maana anagonga na kusikiliza. Ufito mzima unasema ti. Wenye ufa unajibu kwa sauti nzito, tu. Katika fito mia, zinazopona hazifiki thelathini, zilizobaki ni kuni za jikoni.

"Mnyama hana habari na ufa," Sikio anasema. "Mwenye habari ni anayevuta."

Kamba ikiachiwa, ufito wenye ufa hauendi mbele. Unapasukia palepale, na nusu yake inaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Anayajua hayo kwa baba yake, ndiye aliyemfundisha kazi. Kwake iliingia kati ya kidole gumba na cha shahada, ikatokea upande wa pili. "Mpaka anaingia kaburini, marehemu alikuwa anafungwa vifungo vya shati na mama."

Sasa tuje kwenye kiti.

Miaka thelathini na moja Sikio amekaa kiti kilekile, sikio la kulia likielekea ukutani, mbali na kelele za barabarani. Nzima zinaenda kulia, kwenye kikapu cha ukutani. Mbovu zinaenda kushoto. Mikono ilizoea hivyo hata akiwa anapiga soga. Lakini mwaka huu sikio la kulia limeziba. Hakumwambia mtu ila mkewe, na hata huyo alimwambia kwa kuzungukazunguka. Mtu anaitwa Sikio, ataanzia wapi kusema hasikii?

Basi akakigeuza kiti, sikio la kushoto ndilo likaelekea ukutani. Vikapu hakuvigusa. Kikapu cha nzima kilichokuwa kulia kwake, sasa kikawa kushoto.

"Kichwa nilikiambia," anasema, akitazama viganja vyake. "Mikono sikuiambia."

Kwa hiyo ufito mzima ukiokotwa kwenye kuni, jibu ni moja. Mkono umesahau. Na kama umesahau huku, umesahau na kule. Ufito mbovu uko kwa watu.

Mtu wa karibu ni shemeji yake, mdogo wake mkewe, aliyechukua mishale kumi na miwili jana na leo anaondoka kwenda kuwinda, kibali kiko mfukoni. Simu inaita, haipokelewi. Wanatoka mbio, mke mbele, Sikio na goti lake nyuma.

Nyumba tatu kabla hawajafika, mke anasimama ghafla. "Anapiga," anasema.

Sikio hasikii kitu. Anausoma tu uso wa mkewe. Kule uani mishale inaingia kwenye gunia la matambara, puu, kimya, puu, na kila mmoja unapita juu ya kidole gumba cha mtu.

Mke ndiye anayefika kwanza. "Weka chini upinde. Weka chini, nimesema."

Shemeji anaweka, anacheka. Anamwambia dada yake kwamba kama kuagana kwenyewe ndiko huku, siku akirudi na swala si wataita polisi. Amepiga saba. Wanaikunja ile mitano iliyobaki podoni, kwenye mfuko wa mishale, mmoja mmoja, yote mizima. Shemeji anatania kwamba Sikio kazeeka, sasa anaogopa vijiti.

Wanaanza kuchomoa ile ya kwenye gunia. Wa sita, Sikio anaukunja, nao unafunguka ubavuni kama mdomo.

Ulikuwa umeshapigwa. Umeshapita juu ya mkono ule mara moja, ulikuwa unangoja ya pili.

Shemeji hacheki tena. Anautazama mkono wake wa kushoto, anakunja vidole, anakunjua, kimoja kimoja. Anakaa juu ya ndoo.

"Shemeji," anasema polepole, "mingine iko kwa nani?"

Tangu kiti kigeuzwe yametoka mafungu matatu. Moja ndilo hili. La pili liko kwa fundi baiskeli, kapigiwa simu, kasema hajalifungua. La tatu lilichukuliwa na mpita njia mwenye kofia ya kijivu. Hakuacha jina wala namba. Sikio anakumbuka kitu kimoja tu: yule bwana alikuwa na furaha, akasema anataka kumfundisha binti yake kulenga.

Tangu asubuhi hiyo Sikio anamuulizia kwa kila anayepita mlangoni.

Kiti kimerudishwa kilivyokuwa. Mke amewekewa kiti chake mbele ya mumewe. Mume anakunja, mke anagonga na kusikiliza, na ufito hauingii kikapuni mpaka wote wawili wakubali. Shemeji ameshaanza kumwita dada yake Sikio. Mpango wao ni kufanya kazi hivyo mpaka uzee uwakatalie.

Lakini kwanza yule bwana. Fungu lake limefungwa uzi mwekundu, mishale kumi na miwili, manyoya meupe. Sikio hana njia nyingine ya kumpata ila gazeti hili.

"Mwandikie arudi nayo," anasema. "Mlango uko wazi, nitambadilishia yote, hiyo mipya mke wangu atakuwa ameshaisikiliza." Anashika kidole chake gumba. "Na mtoto asiuguse hata mmoja."