Geji za Khattab na Mkono wa Musallam

Miaka ile ya tisini, ukimwona kijana wa Ibra, Omani, anapandisha Landkruza kwenye tuta la mchanga huku jicho moja liko kwenye geji tatu zilizojipanga mbele yake, ujue kikalio cha geji zile kimetoka mikononi mwa Musallam. Gari hutoka kiwandani na geji zake, lakini wapenda mchanga haziwatoshi. Wanataka ya joto la injini, wanataka ya msukumo wa mafuta, na mwenye turbo anataka ya turbo, na zote zikae pale jicho linapoangukia bila kugeuza shingo. Wengine walizifunga kwa waya na gundi, zikawa zinaning'inia hovyo. Musallam alizijengea makao ya faibaglasi juu ya dashibodi, ndiyo hivyo vikalio.

Alizaliwa Tabora, akaja Omani kijana, akajifunza kazi ya faibaglasi Sur kwenye karakana ya kuziba mashua. Huko ndiko alikofundishwa kulaza kitambaa cha nyuzi za kioo, kukinywesha resini, kungoja kigande, kisha kukipiga msasa mpaka kiteleze. Alipooa Ibra akahamia Ibra na kuacha mashua akashika magari. Hakuwa na vipimo vya maana. Aliingia ndani ya gari, akaweka kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho na kuipapasa, na akitoka hapo kikalio kimeshakamilika kichwani. Kikalio chake kilikaa kwenye gari kana kwamba kilizaliwa nalo.

Kisha mikono ikaanza kumgeuka. Kwanza muwasho, halafu ngozi ikawa nyekundu, ikapasuka, ikabanduka vipande vipande, na ncha za vidole zikawa nene na kufa ganzi. Daktari alimwambia waziwazi kwamba ni resini na zile dawa za kusafishia, kwamba si ukoma wala haiambukizi, na kwamba aiache kazi ile. Akapewa na cheti. Lakini nani anasoma cheti cha mtu wakati wa kula? Mji ulishakata shauri lake. Judhamu, ukoma, walinong'ona, na neno hilo likitoka halirudi.

Siku ya Idi alikwenda kwa jirani yake Marhun, kama kila mwaka. Likaja sinia la wali na nyama, watu wakakunja miguu na kulizunguka. Musallam aliponyosha mkono, mikono mingine ikasita. Marhun akatabasamu tabasamu la adabu.

"Fundi, ngoja tukutengee sahani yako," akasema. "Upate nafasi ya kula vizuri."

Akala peke yake, kwenye sahani, katika nyumba alimokula sinia moja na wenyewe tangu siku za harusi yake. Mimi ningeimwaga ile sahani. Yeye aliimaliza, akashukuru, akaenda zake, na hakukanyaga tena majlisi, baraza ya mtu yeyote.

Wateja nao wakapungua. Gari ni kama chumba cha mtu, hakuna anayetaka mgonjwa akipapase. Ndipo mkewe, Asya, akavifunga vikalio kwenye kanga na kuvipeleka soko la wanawake la Jumatano, ambako mwanamume hatii mguu. Akavipanga baina ya hina na wanja, vyeusi, vinang'aa. Wanawake walimcheka mpaka wakachoka. Kisha mmoja akakumbuka kuwa mwanawe hamsikilizi, huenda kitu kama hiki kitamlainisha, akanunua. Baada ya hapo Asya hakurudi na kitu nyumbani. Huko hapakuwa na aliyeuliza mikono ya fundi ikoje.

Huko huko ndiko Bi Turkiya wa Mudhaibi alikonunua kikalio cha mwanawe Khattab. Jumatano nyingine alirudi kukisifu. Mara ya tatu hakuulizia geji, aliulizia yule binti anayemsaidia Asya, ameposwa au bado. Binti ni Alya, mtoto wao wa pekee. Watu wa Turkiya nao walikuwa wa Bara, wametokea Kigoma, wanazungumza Kiswahili nyumbani. Alya alimtaka Khattab, Khattab alimtaka Alya. Wazee walipokuja kuposa, Musallam alikuwa amefunga bendeji mkono mzima, akasema ameungua.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Musallam aliijua methali hiyo kabla yangu. Lakini angefanyaje? Kwa desturi waliyokuja nayo, siku ya akdi walii, yaani baba wa binti, na bwana harusi hushikana mikono ya kulia, ngozi kwa ngozi, mbele ya watu wote, ndipo maneno ya kuozesha yatamkwe. Kama Khattab atauvuta mkono wake mbele ya wanaume wa Ibra na Mudhaibi, nani tena atamwoa Alya? Mawazo hayo yalimwamsha usingizini, na akiamka hulala tena kwa taabu.

Daktari alikuwa amesema asipogusa resini mwezi mmoja ngozi itafunga. Mwezi ulikuwepo kabla ya akdi. Musallam akaifunga karakana yake, akawa anajipaka dawa asubuhi na jioni, na mipasuko ikaanza kuziba. Ndipo Bi Turkiya alipopiga simu, na furaha imemjaa. Khattab amenunua Patrol mpya. Hahitaji zawadi nyingine yoyote kwa mkwewe, ila kikalio cha geji nne, aendeshe nacho siku ya harusi.

Akikataa, wataulizana kwa nini. Akikubali, mkono umekwenda.

Gari likaletwa. Musallam akavaa glavu, juu yake glavu nyingine, akafanya kazi kama mtu anayekuna mgongo wa jirani. Kikalio cha kwanza kilikaa upande. Cha pili kikaacha mwanya unaopitisha kidole. Asya alimkuta ameketi kwenye kiti cha dereva, glavu ziko chini, vidole vina resini.

"Baba Alya, si nilikwambia uzivae?"

"Nilizivaa. Kimekaa upande."

"Na kikae upande. Wallahi, nani atakipima?"

"Khattab atakiona kila akishika usukani," Musallam alisema. "Kila siku atajua baba mkwe wake alimlipulia kazi."

Hata bila glavu vidole havikumwambia kitu. Ganzi imevila. Mwishowe aliinama akalaza shavu lake juu ya dashibodi, akaliburuza polepole huku na huku, akitafuta mabonde yake kwa ngozi ya uso. Asya alimwona hivyo, akatoka nje akalia.

Kikalio kilikaa. Na mkono ukapasuka upya, vibaya kuliko mwanzo.

"Khalas, mpe sheikh uwakala," Asya alimwambia siku ya mwisho kabla ya akdi. "Wangapi wanafanya hivyo? Sheikh atamshika mkono, na wako ubaki ndani ya kanzu."

Alya alikuwa anapita na sinia la vikombe. Akasimama.

"Kwani sheikh ndiye baba yangu?"

Akapita na vikombe vyake.

Kesho yake majlisi ya Musallam ilijaa. Khattab alikuja na kanzu nyeupe, amejifukiza udi, akaketi magoti kwa magoti na Musallam. "Shikamoo, ami," alisema, na Musallam akaitikia bila kumtazama. Sheikh akauliza kama walii ataozesha mwenyewe au anampa uwakala. Marhun alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Musallam alifungua mdomo kusema uwakala, nalo neno likagoma. Akautoa mkono kwenye kanzu, akaunyosha, ngozi imebanduka, damu imeganda kwenye mipasuko. Kisha akafumba macho, kama alivyozoea kufumba ndani ya magari ya watu.

Akasubiri. Hakuhisi kitu. Sheikh akaanza kumsomea maneno, naye akayafuata moja moja, na moyo unamwambia kwamba hapana mkono mle, kwamba kijana ameuacha ukining'inia na watu wote wanauona. Aliogopa kutazama. Akatamka jina la Alya kwa sauti iliyokatika. Akamsikia Khattab anakubali, akamsikia sheikh anasoma dua, akasikia watu wanaitikia amina. Bado hakuhisi kitu.

"Ami," Khattab alinong'ona.

Musallam alizidi kuyafumba macho.

"Ami, unaniumiza. Nimeshaoa, niachie."

Akafumbua macho. Mkono wa Khattab ulikuwa ndani ya wake, vidole vimebanwa mpaka vimekuwa vyeupe, na damu ya Musallam imeingia kwenye upindo wa mkono wa kanzu ya kijana. Tangu mwanzo alikuwa ameshikwa, naye akiminya bila kujua. Akajaribu kuvifungua vidole vyake, navyo vikachelewa kumsikia.

Khattab hakuvuta. Alikaa akangoja, mpaka baba mkwe wake akamwachia mwenyewe.