Kigiriki Changu Mbele ya Wakwe

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe aibu imeshaniisha, ingawa hadi leo nikifika ukweni Nateete shemeji zangu wananipokea kwa kelele za "Fasaria! Fasaria!"

Mimi nalinda geti Nakasero, hapa Kampala, kwa mzee mmoja Mgiriki, mtu wa roho safi ila masikio yake hayavumilii kitu: jenereta ya jirani, honi za boda, mahubiri ya spika, yote yanamtoa nje akilalamika kwa Kiingereza, na hasira ikipanda anamalizia kwa Kigiriki, basi mimi pale getini nikawa naokota maneno, akianza na noizi, yaani kelele, atamaliza na thorivos, ikiwa fujo ni fasaria, watu wakigombana ni kavgas. (Maji yanaitwaje, usiniulize.)

Sasa wakati namtongoza Namuli nikajigamba, kidogo tu, kwamba nasema Kigiriki. Ningejuaje kwamba yatamfikia msemaji wa upande wetu? Siku ya kwanjula, ile ya kujitambulisha kwa wakwe, kazi ya msemaji si ndiyo kumpamba bwana harusi, basi akanipamba kwenye maikrofoni: "Mtoto wetu anaongea Kigiriki, na bosi wake Mgiriki yule pale!"

Babake Namuli, mtu asiyecheka ovyo, akaniangalia. "Haya ssebo, msalimie bosi wako tusikie. Mwongo simpi binti yangu."

Banange! Jasho likalowesha kanzu. Nikasimama, mkono kifuani, nikasema taratibu kama mtu anayesali: "Thorivos. Fasaria. Fasaria sana. Kavgas."

Vigelegele hivyo! Ila mzee wangu, maskini, akadhani namshitakia muziki, akakimbia kwa dijei akachomoa waya. Baba mkwe akamuuliza nimesema nini, na bosi kudanganya hajui, akajibu kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Anasema kelele. Fujo. Fujo mingi sana. Na kupigana."

Namuli akafunika uso. Nikajua mke sina tena, nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo shangazi yake, ssenga aliyemlea, akaangua kicheko akishikilia gauni lake la gomesi: "Mpeni mke! Wengine wote wanakuja hapa kutuahidi amani, huyu peke yake kasema ukweli wa ndoa." Baba mkwe akajaribu kununa, akashindwa.

Niliapa siku ile: lugha nisiyoweza kuombea hata maji, sitasema naijua. Lakini sasa tuna mtoto, na akianza kulia tu, Namuli ananisukuma kwa kiwiko: "Nenda, mkalimani, unaitwa kwa Kigiriki."