Fortunée, Majaji wa Zamani na Karatasi ya Siku Thelathini

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi, Fortunée Nahimana anamlaza jaji kifudifudi chini ya kisu.

Anasukuma kitabu mpaka mgongo wake uguse chuma, anarudi nyuma kidogo, anabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili. Kisu kinashuka. Ngozi iliyoshika kurasa kwa zaidi ya miaka mia moja inadondoka pipani kama ganda la muhogo.

"Pole, mheshimiwa," anakiambia kitabu, kisha anazipeleka kurasa kwenye mashine ya kupiga picha.

Hili ni ghala moja la Irving, kando ya Dallas, jirani na uwanja wa ndege, ambako ndege hupita chini hadi watu hukatisha mazungumzo. Ofisi za mawakili za Dallas na Houston zimehamia kwenye kompyuta. Vitabu vyao vya hukumu za kale huletwa hapa kwa malori, vikatwe, vipigwe picha, vitupwe.

Fortunée ana miaka 49, ni Mrundi, na anaishi mtaa wa Vickery Meadow. Hupitisha kurasa elfu sita kwa siku kwa dola 17 na senti 50 kwa saa. Kampuni ameomba isitajwe.

"Langu andika, la kwao acha," anasema. "Mimi nina jina tu. Wao wana mawakili."

Kiingereza chake cha kusoma ni cha kuokoteza, kwa hiyo majaji huwajua kwa picha za mwanzo wa kitabu. John Marshall, aliyeipa mahakama nguvu ya kufuta sheria ya Bunge tangu mwaka 1803, amembatiza Mwenye Nyumba. Joseph Story, aliyeketi Mahakama ya Juu huku akifundisha chuoni na kuandika majuzuu kwa majuzuu, anamwita Hachoki.

"Wote wamefungwa shingo kwa kitambaa," anasema. "Wote wananitazama kama nimewaibia kuku."

Anayemweleza habari zao ni Otieno, Mkenya aliyesomea sheria Nairobi na ambaye hapa kazi yake ni kukagua kurasa zilizopigwa picha upande. Otieno humwita Mama Liliane. Yeye humwita Wakili, wala si kwa kumsifu.

Jumatano iliyopita Otieno alisimamisha mashine. "Mama Liliane, huyu usimpitishe hivihivi."

Ilikuwa hukumu ya mwaka 1950. Heman Sweatt, tarishi wa posta wa Houston, mtu mweusi, aliomba kusoma sheria katika chuo kikuu cha jimbo, akanyimwa kwa sababu ya rangi yake. Jimbo likaanzisha shule nyingine pembeni kwa ajili ya weusi. Akaikataa. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall, ambaye baadaye angekuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Wakashinda.

Fortunée alikuwa na swali moja. "Huyo tarishi, nani alimruhusu kuingia mahakamani?"

"Hakuna wa kumruhusu. Mtu yeyote anaweza kushtaki."

"Yeyote? Hata mimi?"

Otieno alishtuka kama aliyekanyaga msumari. Alikuwa amekumbuka karatasi.

Karatasi ile, yenye kurasa nne, waligawiwa wafanyakazi wote mwezi huu, siku chache baada ya Élysée, mwenzao wa zamu, kukatwa ncha ya kidole na kisu. Inasema mwenye malalamiko, hata aliyeumia kazini, hatakwenda mahakamani. Atasikilizwa faraghani na msuluhishi.

"Kidole kilianguka Jumatano, karatasi ikafika Jumamosi," anasema Fortunée. "Shule sikusoma sana, lakini siku za wiki nazijua."

Basi akafanya anachokijua: hakuweka sahihi. Somo hilo alilipata katika kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, walipokuja watu na daftari ambao hadi leo hajui nani aliwatuma. Walisema dole gumba ni kwa ajili ya blanketi. Mama yake aliweka dole. Baada ya wiki mbili orodha ilisomwa: hawa ndio waliokubali kurudi kwao kwa hiari.

"Blanketi hatujaliona mpaka leo," anasema, na kucheka peke yake.

Ghalani wako Warundi wengine tisa. Fortunée aliwapitia mmoja mmoja: msiguse kalamu. Wakamtii. Yeye mwenyewe aliifukia karatasi kwenye debe la maharage, akaendelea kuja kazini kifua mbele.

"Umesoma ukurasa wa nne?" Otieno alimuuliza Jumatano hiyo.

"Sijaweka sahihi."

"Si hilo nimeuliza, Mama."

Ukurasa wa nne unasema anayeendelea kuja kazini baada ya siku thelathini amekubali, awe amesaini au hakusaini. Asiyetaka aandike barua ya kukataa, aisaini, aifikishe kabla ya muda kwisha. Siku hiyo ilikuwa ya ishirini na tano.

"Yaani nikinyamaza nimekubali? Na nikitaka kukataa, lazima nisaini?"

"Ndiyo hivyo."

"Nani amekutuma?"

Otieno alicheka. Fortunée hakucheka. "Mkenya hatoi hata chai bure."

"Lakini Mama, jana si nilikununulia chai?"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Jioni aliifukua karatasi na kumpa binti yake Liliane, mwanafunzi wa uuguzi, ambaye hujibu Kiingereza hata akiulizwa kwa Kirundi. Hakumdokezea neno la Otieno. Liliane akasoma, akasema yaleyale. Alhamisi Fortunée akaenda kwenye kituo cha msaada wa sheria, napo akaulizia upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Yaleyale.

"Watu watatu hawawezi kupanga uongo mmoja bila kugombana," anasema.

Jana, Ijumaa, aliandika barua ya kukataa, mistari minane kwa mkono wake, nakala mbili. Alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, ndipo akasaini. Kazini alimkabidhi msimamizi nakala moja, akamtaka aandike jina na tarehe kwenye ile atakayobaki nayo mwenyewe Fortunée.

"Akaniuliza, 'Kwani huniamini?' Nikamwambia nakuamini sana, ndiyo maana nataka uandike."

Yeye sasa mlango wa mahakama amejiachia wazi. Wale tisa bado, na siku ya thelathini ni keshokutwa, Jumatatu. Jana jioni alimpigia Leonce, mkubwa wao kwa umri.

"Dada, ulisema tusiguse kalamu," Leonce alimjibu. "Leo unatuletea kalamu wewe mwenyewe. Wamekununua bei gani?"

Fortunée hakukasirika. "Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi."

Kesho baada ya misa atawakusanya ukumbini mwa kanisa. Barua za tayari hatabeba hata moja, maana barua iliyokwisha kuandikwa, anasema, hata yeye angeikimbia. Atabeba karatasi tupu, kalamu kumi, na kukiri kwamba aliwapotosha.

"Nitawaambia, msiniamini. Kila mmoja aje na msomaji wake, amsomee ukurasa wa nne," anasema. "Wakimaliza kunitukana, waandike."